Sura ya Nane: Nani Aliyemwasha Fahali?

Tangu asubuhi Tani alikuwa hajakaa chini. Alikwenda mpaka mlangoni, akarudi, akasimama nyuma ya Mkaguzi, akashusha pumzi kwa nguvu, akaenda tena mlangoni, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kwenye makaratasi alikuwa mkuu wa uzalishaji. Wafanyakazi walimwita Tani kwa sababu hakumaliza sentensi bila kutaja tani ngapi za sabuni zimetoka na ngapi zimekwama.

"Mkaguzi, ukishaona namba ya kosa si umemaliza?" alisema. "F-04. Mota ilizidiwa, rilei ikakata. Shemeji mtu akairudisha, akawasha. Polisi wameshaelewa. Huku tani zinalala."

Mkaguzi hakugeuka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya paneli, miwani imemshuka puani, mwanga wa kichwani ukimulika rilei. Kilikuwa kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa tofali, na kazi yake ilikuwa moja: kuichunga mota, na ikiona hatari, kuikatia umeme na kusema kwa nini.

"Nimeiona F-04," alisema. "Inaniambia kwa nini mota ilizima. Mimi nimetumwa kutafuta kwa nini iliwaka."

Mota hiyo ilizungusha mashine ambayo kiwanda kizima kiliiita Fahali: pipa la chuma refu kama chumba cha kulala, lililolazwa ubavu, ndani yake mapanga mazito ya kukorogea sabuni. Juzi jioni Fahali alikwama. Bonge la sabuni lilikuwa limeganda kwenye mapanga, mota ikahangaika, ikachemka, rilei ikakata. Mchanganyaji mkuu akachukua mtaimbo, akapanda ngazi, akaingia kwenye pipa kulivunja bonge. Nje alibaki opereta peke yake. Wenzao walikuwa wamekwenda kunywa chai. Fahali akawaka mtu akiwa tumboni mwake.

Mchanganyaji hakufa. Mguu wake wa kulia ulisagika juu ya goti, na tangu alipotolewa chumba cha upasuaji alikuwa bado hajasema neno la kueleweka. Opereta alikuwa mdogo wa mkewe. Siku moja kabla ya ajali, shemeji hao wawili walikuwa wamefokeana getini mbele ya zamu nzima, maana mchanganyaji alipata kazi mbali na alitaka kuhama na mkewe, na opereta akamwambia: "Ukimchukua dada yangu ukamwacha mama kitandani, utanitambua." Sasa hilo neno "utanitambua" lilikuwa limezunguka kiwanda kizima, likafika kituoni, likaandikwa. Askari mmoja alikuwa chumba cha kubadilishia nguo na opereta, akingoja tu Mkaguzi atie neno lake la mwisho amchukue mtu wake.

"Nani ameingia ukumbi huu tangu siku ile?" aliuliza Mkaguzi.

"Hakuna. Nilifunga mwenyewe, na ufunguo ninao mimi. Polisi niliwafungulia jana mchana, wakapiga picha, wakaondoka."

"Vizuri."

Mota iliyosimama haiwaki kwa kupenda. Lazima kitu au mtu aiambie. Mkaguzi alianza na kitu alichokishuku zaidi, waya wa amri unaotoka kwenye paneli kwenda kisanduku cha kuwashia kando ya Fahali. Sakafu ilikuwa na unyevunyevu wa sabuni, na sabuni hula ganda la waya polepole. Ganda likiisha, umeme huruka kutoka uzi mmoja kwenda wa pili, na mashine hudhani imeamriwa na mkono wa mtu. Aliufuata waya kwa vidole, hatua kwa hatua, mpaka chini ya bomba la mvuke, na hapo akasimama. Ganda lilikuwa limechubuka, jeusi, limekwanguliwa kama mfupa.

"Bisibisi!" aliita.

Fundi umeme wa kiwanda alikuja. Alikuwa mwembamba, mrefu, na jina lilimkaa sawasawa. Hakuwa amelala vizuri. Macho yalikuwa mekundu.

"Fungua ncha zote mbili za waya huu. Nataka kuupima."

Bisibisi alifungua. Mkaguzi akaunganisha mita yake, akasukuma umeme mkubwa ndani ya waya, akangoja mshale uporomoke. Mshale haukuporomoka. Akarudia, akamwagia maji pale pabovu, akarudia tena. Ganda la nje lilikuwa limeumia, lakini la ndani lilikuwa zima kabisa. Kazi yote ile ikawa imekwenda na maji.

Akahamia kwenye kontakta, ile swichi kubwa inayoshika umeme wa mota. Aliifungua akatazama midomo yake ya shaba. Ilikuwa imeungua kidogo, lakini kila mmoja ulisimama mbali na mwenzake.

"Ingekuwa imegandana, mota isingezima tangu mwanzo," alijisemea, akaifunga.

Ikabaki rilei yenyewe. Alitoa sanduku lake la kupimia, akaipa rilei umeme wa uongo, kama vile mota inazidiwa. Rilei ikastahimili kidogo, kisha ikalia *tak*, taa nyekundu ikawaka, kwenye kioo ikaandika F-04. Mkaguzi akaondoa umeme, akangoja rilei ipoe kwa hesabu yake. Joto kwenye kioo likashuka, likashuka, likafika chini. Taa nyekundu ikabaki pale pale. Ilizimika tu alipobonyeza kitufe cha buluu cha kuirudisha. Akarudia jaribio lote. Jibu likawa lile lile.

"Umeona mwenyewe," alisema Tani, na safari hii alisimama kweli. "Hairudi mpaka mkono wa mtu uirudishe. Na haiwaki mpaka mkono huo huo ubonyeze kitufe cha kijani. Mkono wa nani? Alikuwepo nani?"

Swali hilo lilimkera Mkaguzi kama kokoto kiatuni. Alivua glavu.

"Nakwenda kuzungumza na huyo kijana. Usiguse kitu."

Opereta alikuwa ameketi kwenye benchi kati ya makabati, mikono miwili imefungwa bandeji mpaka viwikoni. Askari alikuwa dirishani na simu yake.

"Shikamoo, mama," alisema opereta.

"Marahaba. Mikono imefanya nini?"

"Nilipokuwa namvuta. Pipa lina ncha."

"Nieleze tangu mlipokwama. Usiniambie unavyodhani. Niambie mikono yako ilikuwa wapi."

"Rilei ilikata. Shemeji akasema, acha, naingia mimi, wewe nishikie ngazi. Nikashika. Ngazi yetu inateleza, mama, lazima mtu aishike. Nilikuwa nimeipa paneli mgongo. Tulikuwa hatusemeshani sana kwa sababu ya… si umesikia."

"Nimesikia. Endelea."

"Nikasikia *kwap* kule nyuma, halafu Fahali huyo. Shemeji akapiga yowe. Ngazi ikanitoka, ikanichana viganja. Nikakimbia kwenye kisanduku nikazungusha, nikarudi, nikamshika kwapani, nikavuta. Sikumbuki zaidi. Nilikuwa namwita kaka, kaka, na sijawahi kumwita kaka."

"Kwa nini hamkufunga kufuli kwenye swichi kuu?"

"Rilei si ilishakata? Tunaonaga ikikata basi imezimwa."

"Mota iliyokatika yenyewe haijazimwa, kijana. Imepumzishwa tu." Aligeuka kuondoka, akafika mlangoni, akasimama. Kuna neno lilikuwa limemkwama sikioni. "Umesema ulikimbia kwenye kisanduku ukafanya nini?"

"Nikazungusha."

"Ukabonyeza."

"Hapana, mama. Nikazungusha. Kutoka moja kwenda sifuri."

"Afande," Mkaguzi alimwambia askari, "kwenye maelezo yake mmeandika nini hapo?"

Askari alifungua jalada, akapitisha kidole. "Mtuhumiwa alikimbia akabonyeza kitufe cha kuzimia."

"Alisema hivyo?"

"Si ndiyo maana yake? Kule kuna vitufe, tumevipiga picha."

Opereta aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Vitufe gani?" aliuliza. "Pale hakuna vitufe. Kuna swichi ya kuzungusha. Iko pale tangu kabla ya mvua."

"Umeingia ukumbini tangu juzi?"

"Nani ataniruhusu?"

Mkaguzi alirudi ukumbini mbio mbio kuliko umri wake ulivyomruhusu. Tani alimwona, akampisha. Mkaguzi alimpita akaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha kuwashia kando ya Fahali. Alikuwa amekiona asubuhi. Alikiona, hakukitazama.

Katika kiwanda cha sabuni kila kitu huvaa unga. Unga mweupe, mwepesi, unaonata ulikuwa umelala juu ya mabomba, kwenye vichwa vya bolti, kwenye kingo za dirisha, umekuwa kama ngozi. Kisanduku cha vitufe kiling'aa. Kitufe cha kijani kilikuwa cha kijani kabisa, chekundu kilikuwa chekundu kabisa, na ukutani kuzunguka kisanduku kulikuwa na mstari msafi, mpana kama kidole, palipokuwa pamefunikwa na kisanduku kikubwa zaidi.

Alirudi kwenye paneli, akafungua mlango, akamulika waya mmoja mmoja. Zote zilikuwa na unga, isipokuwa mmoja mfupi uliounganishwa kwenye kontakta, mweusi unaowakawaka, ule ambao vitufe huuhitaji na swichi ya kuzungusha haiuhitaji. Kisha akaondoa kifuniko cha plastiki cha rilei. Ndani kulikuwa na safu ya vijiswichi vidogo kama punje za mchele, vya kuiambia rilei tabia zake. Kimojawapo kilikuwa na pande mbili: upande mmoja rilei hungoja mkono wa mtu, upande wa pili hujirudisha yenyewe ikishapoa. Sasa kilikuwa upande wa mkono. Lakini unga ulikuwa umejaa kwenye kila kijifereji, na kwenye hiki ulikuwa umesukumwa, umebanwa kwenye kona ya upande wa mkono. Upande wa pili ulikuwa msafi.

Pale pasipo na unga ndipo kijiswichi kilipokuwa kimekaa siku zote hizo.

Rilei iliyowekwa ijirudishe. Swichi iliyobaki kwenye moja. Fahali alikwama, akakatika, akapoa, na hakuna mtu aliyemkataza kuamka. Mchanganyaji alikuwa amepanda ngazi kuingia ndani ya mashine iliyokuwa inahesabu tu joto lake lishuke.

Hayo aliyajua yeye. Kwenye meza ya askari yangekuwa unga wa sabuni na maneno ya mtuhumiwa. Alihitaji swichi yenyewe.

"Vifaa vya umeme hapa vinatoka wapi?" alimuuliza Bisibisi.

Bisibisi alitazama sakafu. "Stoo."

Mtunza stoo alikuwa mwanamke wa makamo, khanga imekazwa kiunoni, akipanga upya bolti ambazo zilikuwa tayari zimepangwa. Hakuinua kichwa mpaka Mkaguzi aliposema yeye ni nani. Alikuwa mke wa mchanganyaji, na dada wa opereta.

"Pole, mama. Sikutegemea kukukuta kazini."

"Hospitali wananitoa mpaka saa ya kuona wagonjwa. Nyumbani nitamtazama nani, ukuta?" Alikamata bolti nyingine. "Kama umekuja kuniuliza habari za mdogo wangu, mimi sina mdogo."

"Nimekuja kuuliza habari za kisanduku cha vitufe. Cha kijani na chekundu. Kuna mtu alichukua karibuni?"

Mkono wa mwanamke ulisimama. Alikunja uso, kama anayetafuta kitu gizani.

"Jana alfajiri," alisema. "Nilitoka hospitali nikapita kukabidhi funguo. Bisibisi nikamkuta mlangoni ananingoja. Akaniambia pole, dada, pole sana, na huku anataka kisanduku. Nikampa. Wala sikuuliza cha nini. Siku hiyo hata angetaka paa ningemfungulia."

"Alikupa cha zamani?"

"Hapa hakuna kipya bila cha zamani. Hiyo ndiyo sheria yangu, hata akija mkurugenzi."

Alikwenda nyuma ya rafu, akainama juu ya kreti la vyuma chakavu, akafukua kwa mikono miwili. Aliporudi alikuwa ameshika swichi kubwa nyeusi yenye usukani mdogo, imevaa unga mweupe mpaka shingoni. Kwenye usukani, ule unga ulikuwa umefutika mahali pamoja kwa alama za vidole, na juu ya alama hizo kulikuwa na damu iliyokauka.

Aliitazama. Akaitazama tena.

"Hii damu ya nani?"

"Ya mtu aliyemzimia mumeo mashine, nadhani," alisema Mkaguzi. "Iweke mezani, usiiguse tena. Nitamwita askari aitie kwenye mfuko. Wewe chukua nyingine kama hiyo, mpya, uje nayo ukumbini. Nataka uone kwa macho yako."

Walikusanyika nyuma ya mstari wa njano: Tani, Bisibisi, askari, opereta na dada yake. Ndugu hao wawili walisimama kila mmoja kwenye ncha yake. Mkaguzi alihakikisha pipa halina mtu, akafunga mfuniko, akaweka kufuli lake mwenyewe. Akamwagiza Bisibisi atoe vitufe aunganishe swichi ya kuzungusha kama ilivyokuwa. Hakumweleza namna ya kuunganisha. Bisibisi aliunganisha bila kuuliza, na askari aliliona hilo. Kisha Mkaguzi akakisogeza kile kijiswichi kwa ncha ya kalamu mpaka upande uliokuwa msafi.

"Hii ni michezo," alisema Tani. "Tani ngapi zinapotea hapa kwa ajili ya…"

"Zungusha," Mkaguzi alimwambia Bisibisi.

Fahali aliamka, akaanza kuzunguka mtupu kwa mngurumo mzito uliotikisa vioo. Mkaguzi akaipa rilei umeme wa uongo kutoka kwenye sanduku lake. *Tak.* F-04. Fahali akapunguza, akapunguza, akasimama kimya. Mkaguzi akachomoa nyaya za sanduku lake, akaja kusimama na wenzake.

"Sasa mikono yote niione," alisema. "Wewe pia, afande."

Walisimama mikono mbele kama watoto wanaokaguliwa kucha. Tone la maji lilikuwa likidondoka mahali fulani chini ya bomba. Tani alianza kupiga kisigino sakafuni, akaacha, akaanza tena. Askari alitazama saa, akatazama dirisha, akapiga miayo. Macho ya opereta hayakubanduka kwenye mfuniko wa pipa. Kule kwenye paneli joto lilikuwa likishuka kwenye kioo, na Mkaguzi aliifuata kila namba iliyoshuka. Angekuwa amekosea, kijana angeondoka na pingu, na yeye mwenyewe ndiye angekuwa amempa askari sababu ya mwisho.

"Haiwaki," alisema Tani. "Mnaona? Hai…"

*Kwap.*

Askari aliruka nyuma. Fahali alinguruma, mapanga yakaanza kugonga ndani ya chuma kitupu, mikono kumi na miwili ikiwa hewani na hakuna hata mmoja uliogusa kitu. Opereta aliziba masikio kwa bandeji zake, akachuchumaa pale pale.

Hakuna aliyekwenda kuzima. Walibaki wamekodoa macho, kana kwamba mashine ingewajia. Ndipo mtunza stoo alipovuka mstari wa njano, khanga ikimpepea kwa upepo wa mota, akaenda mpaka kwenye kisanduku na kuuzungusha usukani kwa nguvu zake zote. Moja, sifuri. Akaushikilia hapo hata mapanga yaliposimama kabisa. Kisha akageuka, na hakumtazama mdogo wake. Alimtazama Bisibisi.

"Ulinipa pole," alisema. "Huku unauficha ushahidi mkononi mwangu, ulinipa pole."

Bisibisi alirudi nyuma hatua moja.

"Nani aliamua ijirudishe yenyewe?" Mkaguzi aliuliza.

"Ilikuwa inakata kila mara," alisema Bisibisi. "Pipa linajazwa kupita kiasi, mota inachemka, rilei inakata, ndivyo inavyotakiwa. Nilisema tupunguze mzigo. Nikaambiwa shida si mzigo, shida ni rilei, iwekwe ijirudishe ili kazi isisimame."

"Ukaambiwa na nani?"

"Fundi ndiye fundi," Tani aliingilia haraka. "Mimi sijui vijiswichi. Mimi ni mtu wa uzalishaji. Kama amebadilisha, na kama amekuja kurudisha alfajiri kwa wizi, hayo ni yake. Mimi nilikuwa nyumbani nimelala."

"Ufunguo ulikuwa nao wewe," alisema Mkaguzi.

"Mafundi hawakosi njia."

Bisibisi alimgeukia Tani. Alimtazama kwa muda, bila hasira, kama mtu anayemhesabia mwenzake nafasi ya mwisho. Tani alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mikono yangu ilikuwa haishiki, Mkaguzi," alisema Bisibisi. "Skrubu ziliniponyoka mara sijui ngapi. Nilikuwa nalia, nakiri. Na huyu hakuniambia nyamaza wala nini. Alinishikia tochi mpaka nikamaliza."

Askari alifunga jalada alilokuja nalo. Akatoa karatasi nyeupe, akauliza nani angeanza.

Nje, kwenye ngazi za ukumbi, opereta alikuwa ameketi peke yake. Mkaguzi, aliyekuwa akifunga kufuli lake jekundu kwenye swichi kuu, alimwona kupitia dirisha lililo wazi. Mtunza stoo alitoka, akapita karibu na mdogo wake kama anayekwenda zake, akafika chini, akasimama.

"Inuka," alisema. "Saa ya kuona wagonjwa imefika."

"Dada, atataka kuniona?"

"Sijui," alisema. "Utamuuliza mwenyewe."